Hakimu wa Nyayo

Jua linapoanza kushuka nyuma ya milima ya Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, viwanja vya saruji vya Bujumbura hujaa vijana. Joto la mchana limepungua, upepo wa ziwani umeanza kuvuma, na mpira wa kikapu unadunda kuanzia Buyenzi hadi Ngagara, kuanzia Nyakabiga hadi Musaga. Mji huu unaupenda mpira wa miguu kama miji yote ya Afrika Mashariki, lakini mapenzi yake kwa kikapu ni ya aina ya pekee. Majina ya timu za Urunani, Dynamo na New Star hutajwa barazani kama majina ya ndugu.

Jioni moja ya kiangazi nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za uwanja mmoja wa mtaani. Kijana mwenye mpira alitokea pembeni kwa kasi, akapiga hatua mbili, akaruka. Mzuiaji alikuwa mbele yake. Vifua vikagongana, wote wawili wakaanguka, mpira ukazunguka juu ya pete mara mbili kisha ukatumbukia. Nusu ya watazamaji wakapiga kelele kwamba mzuiaji kaziba njia. Nusu nyingine wakalalamika kwamba mshambuliaji kamvamia mwenzake. Filimbi ilikuwa imeshalia, na macho yote yakamgeukia mtu mmoja aliyesimama chini ya kikapu, ngumi yake ikiwa juu.

Filimbi ikishalia kwa tukio kama hilo, majibu ni mawili. Mwamuzi akiweka mikono yote miwili kiunoni, kosa ni la mzuiaji: ameziba njia isivyo haki. Akipiga ngumi kwenye kiganja, kosa ni la mwenye mpira: amemvamia mtu aliyesimama mahali pake. Yule bwana akaweka mikono kiunoni. Kelele zikapanda. Mimi niliyewahi kushika filimbi katika ujana wangu nikajua alichokiona. Sisi sote tulikuwa tumeufuata mpira kwa macho hadi kwenye pete. Yeye alikuwa ameitazama miguu ya mzuiaji.

Kazi hiyo ya kutazama miguu ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, kwa sababu naijua, na kwa sababu sijasikia mtu akiiimba.

James Naismith alipoubuni mchezo huu mjini Springfield, Marekani, mwezi Desemba 1891, aliuandikia kanuni 13. Mbili kati ya hizo ziligawa hukumu kwa watu wawili. Mmoja alipewa mpira: aamue kama uko ndani au nje, ni wa nani, na kama umeingia kikapuni. Mwingine alipewa watu: awatazame wachezaji na kuhesabu makosa wanayotendeana. Kila nikiufikiria mgawanyo huo huiona busara ya Naismith. Mpira haukosi mashahidi; hata mtoto aliyebebwa mgongoni na mama yake huufuata kwa macho. Watu ndio wanaohitaji kuwekewa mtu wa kuwatazama. Siku hizi waamuzi wawili au watatu hugawana uwanja wa mita 28 kwa 15, na kila mmoja hubeba kazi zote mbili, lakini siri ya ufundi ni ileile ya mwaka 1891. Wakati uwanja mzima unautazama mpira, lazima awepo mmoja anayewatazama watu.

Na anapowatazama, anatafuta nini? Anatafuta jibu la swali moja: mahali hapa ni pa nani?

Watazamaji wengi huamini kwamba mzuiaji ana haki pale tu anaposimama kama nguzo. Kanuni ina ukarimu kuliko hivyo. Inasema mzuiaji hupata nafasi yake kwa halali akishamkabili mpinzani uso kwa uso, miguu yote miwili ikiwa chini. Kuanzia hapo anaweza kurudi nyuma, kusogea kando, kuruka wima, kuinua mikono juu ya kichwa chake, na haki yake haipotei maadamu hamwendei mwenzake. Kila mchezaji ni kama amesimama ndani ya pipa lisiloonekana. Mbele pipa linaishia kwenye viganja vyake, nyuma linaishia kwenye makalio, na ubavuni kwenye kingo za mikono na miguu. Hewa iliyo juu ya pipa hilo nayo ni yake. Atakayetoka kwenye pipa lake na kuingia la mwenzake, akamgonga, huyo ndiye mwenye kosa, hata kama ndiye aliyeanguka kwa kishindo zaidi.

Kisha kanuni inapima nafasi na muda kwa jinsi ninayoiona kuwa ya kiutu kabisa. Asiye na mpira hawezi kuzibiwa njia ghafla. Huachiwa hatua moja hadi mbili, kulingana na kasi yake, ili aweze kusimama au kugeuka. Aliyesimama na kuwekewa kizuizi nyuma yake, asikoweza kuona, huachiwa hatua moja. Lakini mwenye mpira haachiwi kitu: aliyebeba kinachotafutwa na wote anapaswa kutegemea kuzibiwa njia wakati wowote. Na chini ya kikapu, tangu mwaka 2010, imechorwa nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 1.25. Mzuiaji hawezi kujitega ndani ya nusu duara hiyo, akangoja kugongwa na mtu aliyeruka kwenda kufunga, halafu adai kuvamiwa.

Haya yote yameandikwa, na mtu mwenye akili anaweza kuyasoma kwa siku moja. Kuyaona yakitendeka ni kazi ya miaka.

Aliyenifundisha mimi alikuwa mwalimu wa shule, mtu mzima wa maneno machache. Katika mechi yangu ya kwanza kijana mmoja mwembamba aligongwa na jitu, akarushwa mbali, na uwanja mzima ukaguna kwa huruma. Nikapiga ngumi kwenye kiganja bila kusita: kavamiwa. Baada ya mechi mwalimu alinijia, akanipa chupa ya maji, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, miguu yake ilikuwa wapi?"

Nikamjibu, "Mwalimu, umeona alivyoanguka?"

"Nimeona alivyoanguka. Nakuuliza alivyosimama."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehukumu kwa sauti ya kishindo na kwa huruma yangu mwenyewe. Kesho yake asubuhi alinichukua hadi uwanjani akiwa na kipande cha chaki. Akanisimamisha, akainama taratibu kwa magoti yake ya uzee, akazichora nyayo zangu kwenye saruji. Akaniambia nisogee kama ninavyozuia, akachora tena. Akanigonga kwa bega kidogo, akachora tena. Saa moja baadaye sakafu ilikuwa imejaa nyayo zangu, na kwa kuzifuata niliweza kusoma kila kitu: hapa nilikuwa nimeshafika, hapa mguu mmoja bado ulikuwa njiani, hapa nilikuwa nimesogea kando kwa haki, hapa nilimwendea. Kosa, nililodhani ni kishindo cha sekunde moja, lilikuwa safari yenye mwanzo, kati na mwisho. Anayeona mwisho peke yake ameona anguko. Hajaona kosa.

Siku hiyohiyo alinifundisha jambo la pili, nalo lahusu miguu ya mwamuzi mwenyewe. Alisimamisha vijana wawili mbele yangu, mmoja nyuma ya mwenzake, akaniuliza kama wamegusana. Sikuweza kujua. Nilipokuwa nimesimama, miili miwili ilikuwa imekuwa mmoja. "Tembea," akasema, "mpaka uone mwanga kati yao." Nilipiga hatua mbili kando, na mwanga ukatokea: mwanya mwembamba, upana wa kiganja. Tangu hapo nimeamini kwamba nusu ya uadilifu wa mwamuzi iko kwenye magoti yake. Mwamuzi mwenye moyo safi aliyesimama mahali pabaya atadhulumu watu kwa nia njema. Ndiyo maana waamuzi wazuri hawatulii. Hupiga hatua moja huku, mbili kule, hata mpira ukiwa mbali, na mtazamaji asiyejua hudhani wanazurura. Wanautafuta mwanga kati ya watu wawili.

Kuna kanuni moja ninayoipenda kuliko zote. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Kwenye kikapu methali hiyo inahitaji uangalifu, kwa sababu aliye juu hawezi kubadili njia. Akishaacha ardhi, mwili wake umekabidhiwa mwendo aliouanzisha. Hana breki wala usukani. Kwa hiyo kanuni inamlinda: aliyeruka kutoka mahali fulani ana haki ya kutua palepale, na pia ana haki ya kutua pengine, mradi mahali hapo na njia ya kufika hapo havikuwa na mtu wakati miguu yake ilipoacha sakafu. Mngoje chini, lakini usimngoje mahali pa nyayo zake. Anayesogea chini ya mtu aliye hewani anaweza kumvunja kifundo, goti au mgongo, na waamuzi hufundishwa kulihesabu hilo miongoni mwa makosa mazito. Ndiyo maana swali la yule bwana wa jioni ile lilikuwa la sehemu ndogo ya sekunde: mguu wa pili wa mzuiaji ulitua kabla mwenzake hajaruka, au baada? Aliona ulitua baada. Kutokana na hilo akaweka mikono kiunoni, na kikapu kikahesabiwa.

Michezo mingine nayo inalijua swali hili. Katika softiboli, inayochezwa na wasichana na wavulana wa Uganda, mdakaji asiye na mpira mkononi na asiye katika tendo la kuudaka mpira uliopigwa hana ruhusa ya kusimama kwenye njia ya mkimbiaji. Akimzuia, mwamuzi haukati mchezo. Hunyoosha mkono wake wa kushoto pembeni, akauacha umenyooka, na kuendelea kutazama. Tendo hilo likiisha hujiuliza: kama asingezuiwa, huyu angefika kituo gani? Kisha humpa kituo hicho. Nimeufikiria sana mkono ule ulionyooshwa kimya. Umeshaliona kosa na hautalisahau, lakini unasubiri uujue ukubwa wa hasara kabla ya kutoa fidia. Kuadhibu ni kwepesi. Kumrudishia mtu pale ambapo angekuwa asingezuiwa ndiko kunakohitaji akili na subira.

Mrundi hawezi kuyaandika maneno hayo bila kufikiria ardhi.

Nchi yetu ni kilomita za mraba 27,834, na sehemu ya eneo hilo ni maji ya ziwa. Ndani yake wanaishi watu zaidi ya milioni 12, wengi wao wakiishi kwa kulima. Ugomvi wa mpaka wa shamba, wa mti uliopandwa upande huu au ule, wa ndugu wawili na kipande kimoja walichoachiwa na baba yao, ndio ugomvi wetu mkubwa. Wazee wetu waliuwekea watu maalum: abashingantahe. Jina lao limetokana na intahe, fimbo ya hukumu, na kitendo cha kuisimika. Walipoamua kesi waliigonga ardhi kwa fimbo hiyo. Mtu hakuzaliwa mushingantahe. Alitazamwa na majirani kwa miaka, tabia yake ikapimwa, kisha akasimikwa mbele ya watu kwa kiapo. Na kesi ikiwa ya mpaka, haikutosha kusikiliza maneno ya barazani. Walitembea hadi shambani, wakasimama pale penye ugomvi, wakatafuta alama za zamani kwenye udongo. Miguu yake ilikuwa wapi? Ndilo swali lilelile la mwalimu wangu, na siku alipochora nyayo zangu kwa chaki alikuwa akifanya kazi ya babu zake bila kuitaja.

Kanuni ya aliye hewani nayo nimeiona hapa kwetu nje ya uwanja. Mwaka 1972 mamia kwa maelfu ya Warundi walikimbilia nchi jirani, na wengi wao waliwekwa Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengi walikaa huko zaidi ya miaka 30. Waliporudi, shamba lililoachwa na miguu yao lilikuwa na miguu mingine, na mara nyingi mwenye miguu hiyo hakuwa ameiba. Alipewa, au alinunua, au alizaliwa pale. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulilizungumzia jambo hilo, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine. Siwezi kusema kwamba kanuni ya kikapu ingetatua kesi zile. Mchezo una bahati ya kuhukumu sehemu ya sekunde, na historia huhukumu miongo. Lakini kila ninapomfundisha kijana kwamba aliyeruka ana haki ya kutua, moyo wangu huenda kwenye barabara ya kutoka Kigoma, kwa watu waliokuwa hewani miaka 30, na kwa wale waliokuwa wamesimama chini bila kujua kwamba kuna mtu juu yao. Wote wawili walihitaji mtu wa kutembea hadi auone mwanga kati yao.

Vijana wetu wamejifunza somo hili mahali pagumu. Kaskazini mwa mji kipo kituo cha vijana cha Centre Jeunes Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Wasaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye mitaa ambayo vita vilivyoanza mwaka 1993 viliigawa kwa makabila. Kilipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002. Vijana wa Kamenge na Kinama walikutana huko na wale wa Ngagara na Cibitoke, kwa vitabu, kwa mikutano na kwa michezo. Mtu asiyewahi kushika filimbi afikirie ugumu wa kuamua mgongano chini ya kikapu katika mji wa miaka ile, pale wachezaji wanapotoka mitaa isiyotembeleana. Mikono kiunoni au ngumi kwenye kiganja: kila ishara ingeweza kusomwa kama kauli ya upande. Mwamuzi wa wakati huo alikuwa na ngao moja tu, nayo ni kwamba miguu haina kabila. Ukiwa umeitazama miguu kwa kweli, unaweza kumweleza mtu yeyote ulichokiona, naye anaweza kwenda kusimama hapo na kukipima.

Hilo ndilo linaloufanya ufundi huu uwe zaidi ya kujua kanuni. Mwamuzi hukata shauri kwa muda mfupi kuliko wa kupumua, katikati ya kelele, na kwenye viwanja vyetu vya mitaani hana skrini ya kurudia picha. Lazima amtambue mzuiaji anayejiangusha kabla ya kuguswa, akilia kama aliyechinjwa. Kanuni inaruhusu kumwonya na kisha kumwadhibu, lakini kwanza umwone. Lazima aamue dakika ya 39 kama alivyoamua dakika ya pili, kwa timu ya nyumbani kama kwa wageni. Na akikosea, kama nilivyokosea mimi siku ile ya yule kijana mwembamba, asijaribu kulipa kwa kosa la pili upande wa pili. Mwalimu alinikataza jambo hilo kwa ukali wake wa pekee niliowahi kuuona. Alisema dhuluma mbili hazizai haki. Huzaa uwanja usioaminika.

Jioni ile nilibaki hadi mwisho. Mchezo ulitulia, giza likaanza kuingia, na mwamuzi alikuwa bado anapiga hatua zake, moja huku, mbili kule. Zikiwa zimebaki dakika chache, mshambuliaji yuleyule alitokea tena pembeni kwa kasi ileile. Mzuiaji yuleyule akawahi mbele yake, safari hii miguu yote chini, kifua wazi, mikono juu. Mshambuliaji akamwona, akapinda kidogo, akaruka kumpita ubavuni. Na mzuiaji, ambaye angeweza kuteleza hatua moja na kumkuta hewani, akaurudisha mguu wake wa kushoto nyuma, akamwachia mahali pa kutua.

Mpira ukaingia. Watazamaji wote walikuwa wakiutazama, wakarukaruka, wakashangilia. Mimi niliutazama ule mguu uliorudi nyuma. Nilipoinua macho, nikamwona mwamuzi, filimbi mdomoni bila kulia, naye bado anautazama.